Mtihani wa Mtetea Kishingo

Reli ilipofika Morogoro ilileta wageni wengi, kelele nyingi, na miguu iliyovunjika. Mataruma yaliwaangukia watu, vyuma viliwaangukia watu, na mara nyingine watu waliangukiana wenyewe kwa wenyewe wakiwa wamebeba vyuma. Kwa hiyo Stambuli wa Matombo, fundi wa kuunga mifupa, hakukosa kazi. Alichokosa, ikaja kujulikana, ni ruhusa ya kuifanya.

Amri ilitoka bomani, ikapandishwa milimani na askari mwenye sauti ndefu kuliko kimo chake. Kila anayegusa mifupa ya watu aje mjini apewe mtihani na bwana daktari wa Kijerumani. Atakayefaulu atapata cheti chenye muhuri wa tai. Atakayeshindwa arudi kwao akalime, na akionekana tena ameshika mguu usio wake, ni kiboko, hamsa ishirini, mbele ya mkewe na wakwe zake.

Akalime! Stambuli alikuwa mtu mzima mwenye mikono mipana kama majembe, lakini shambani mikono hiyo haikufaa kitu. Mihogo yake ilitoka myembamba hata nguruwe mwitu waliipita. Kazi aliyoijua aliipokea kwa mjomba wake, na mjomba aliipokea kwa mjomba wake, kama Waluguru wanavyorithishana. Siku alipoitwa mjini, kibanda chake cha wagonjwa kule Matombo kilikuwa kimejaa watu waliolala na vibanzi vyao, wanamwambia, "Rudi upesi, baba, usituache hivi." Akawaambia atarudi. Tumbo lake halikusema hivyo.

Tena habari zilishamfikia njiani. Kabla yake aliitwa mzee mmoja wa upande wa Mgeta, fundi anayeheshimika. Daktari akamwuliza mkono wa mtu una mifupa mingapi. Mzee akajibu kwamba inategemea umevunjika mara ngapi. Kabla jua halijafika kichwani alikuwa njiani anarudi kwao, mikono nyuma, mkulima. Stambuli alipohadithiwa alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, maana na yeye angejibu vilevile.

Bahati yake daktari alishachoka na maswali. Alitaka kuona kazi.

Alipelekwa kwenye kibanda kimoja nyuma ya hospitali, akamkuta kijana amelala kitandani, anapiga kelele na kutania kwa wakati mmoja. Huyo alikuwa Rehani, Mluguru wa milimani aliyekwenda kujenga reli, na reli ikamlalia mguu wa kulia. Bwana daktari akauminya mguu kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema maneno yake. Aliyeyageuza maneno hayo alikuwa Mikidadi, mkalimani, mtu wa Bagamoyo, kanzu imenyooshwa hadi inakwaruza. Alikaa sana Morogoro, akaoa Mluguru, akajua Kiluguru chote hadi matusi. Bwana daktari mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: njoo, simama, lete, kimya.

"Bwana daktari anasema huu mfupa wa muundi umevunjika kabisa," Mikidadi akasema. "Uunge. Siku utakayosema amepona, atatembea mwenyewe kutoka hapa barazani mpaka mlingoti wa bendera, na kurudi, bila fimbo. Akitembea, umefaulu. Asipotembea..." Akamalizia kwa kupunga mkono kama anayefukuza mbuzi.

"Nimesikia," Stambuli akajibu. "Naomba kuku."

"Hata kazi hujaanza, njaa imeshakushika?"

"Kuku wa kazi, Bwana Mikidadi."

Kwa maana kazi ya mjomba haikwenda bila kuku. Mtu akivunjika mguu wa kulia, kuku naye huvunjwa wa kulia, palepale. Wote wawili hupakwa dawa moja na kufungwa vibanzi siku moja, na kuanzia hapo wanakwenda pamoja. Kuku hutangulia. Siku atakapokanyaga bila kujivuta, mgonjwa naye hufunguliwa na kunyanyuka. Kabla ya kuku, hanyanyuki mtu. Stambuli hakuwahi kumfungua mgonjwa ambaye kuku wake hajatembea, na hakuwahi kujiuliza itakuwaje kuku asipokuwapo, kama wewe usivyojiuliza utavaaje shati siku ukiamka huna mabega.

Akaletewa mtetea kishingo, yule kuku asiyeota manyoya shingoni, mwekundu kama aliyenyolewa kwa adhabu. Bwana daktari alishuhudia kila kitu, akacheka, akamwambia Mikidadi neno ambalo Mikidadi hakuligeuza.

Mwezi ukaandama, ukaisha, ukaandama mwingine. Stambuli alikuwa anamkanda Rehani asubuhi, anamkanda kuku baadaye, na kuwatazama wote wawili kama mtu aliyechemsha maziwa akaambiwa asiondoe macho. Rehani, aliyekosa wa kuongea naye, alimfanya kuku ndugu. Alimwita mwenzangu. Alimmegea ugali, na kuku akajua kuja kula kiganjani mwake.

"Mjomba," Rehani alikuwa akisema Stambuli akiingia, "leo mwenzangu hakula vizuri. Na mimi tumbo limekataa."

"Tumbo lako limekataa kwa sababu umekula ugali wa watu wawili."

"Na jana alijikuna ubavu. Nikawashwa ubavu huohuo."

"Una kunguni, Rehani."

"Sawa, mjomba. Lakini kunguni wamejuaje ni ubavu gani?"

Halafu asubuhi moja mtetea alitoka kwenye tenga, akaweka mguu wa kulia chini, akauacha hapo, akafukua mchanga kwa wa kushoto. Stambuli alishika ukuta. Alimwendea Mikidadi, Mikidadi akamwendea daktari, jibu likarudi mara moja: kesho asubuhi, barazani.

Stambuli akashuka mtoni kuoga, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani. Rehani alikuwa amepelekwa hospitalini kunyolewa, ili kesho asije akatembea mbele ya bwana mkubwa na kichwa kama kiota. Stambuli aliporudi, tenga lilikuwa limelala kifudifudi. Ndani hamna kitu. Akatazama uvunguni. Akazunguka kibanda. Nyuma ya jiko la bwana daktari akaona manyoya.

Mpishi aliitwa Benedikto, kijana aliyelelewa na mapadri wa Matombo, mnene, mwoga, mwenye mkono mzuri wa mchuzi. Alikuwa anasugua sufuria.

"Benedikto. Kuku wangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee Stambuli. Kuku gani?"

"Marahaba. Kishingo. Mwenye vibanzi mguuni."

Benedikto akaacha kusugua. "Wewe ndiye uliyemfunga vile vijiti? Mimi nilidhani amekuja na kuni zake."

"Benedikto!"

"Mgeni amefika na gari la moshi bila taarifa! Bwana anataka mchuzi, sasa hivi. Kuku wazima nimewakimbiza mpaka kifua kinaniuma. Yule alikuja mwenyewe, taratibu, mzee, kama aliyeagizwa. Nilijua ni riziki."

Stambuli akakaa chini, palepale kwenye manyoya.

"Mguu wake ulikuwaje? Ule wa vibanzi."

"Ulikuwa na nundu kwenye mfupa. Ngumu kama jiwe. Kisu kiligoma."

Basi mfupa ulikuwa umeshika. Stambuli alijaribu kufurahi, akashindwa. "Nani kaula?"

"Mgeni nilimpa mguu mzima wenye sura nzuri, mgeni ni mgeni. Ule wa nundu nikamwekea bwana, maana yeye akila anasoma gazeti, hajui anachotafuna. Firigisi kachukua Mikidadi." Kisha Benedikto akamshika mkono kwa mikono yake yenye majivu. "Usiniseme, mzee wangu. Kile kiboko kishanizoea."

Mchana ule Stambuli aliuona mrefu. Aliwaza kukimbia, lakini Matombo inajulikana ilipo, na askari mwenye sauti ndefu angefika kabla yake. Aliwaza kumwambia Rehani, akaona kabisa kijana anavyogeukia ukuta na kukataa kunyanyuka mpaka kiama. Aliukumbuka mguu wa Rehani alivyoukanda asubuhi ile. Vidole vilimwambia umeshika, umenyooka, mwache atembee. Lakini vidole vyake havikuwahi kutoa neno peke yake. Siku zote vilisema baada ya kuku.

Mwishowe akafanya ambalo mtu mwenye hofu hufanya, yaani la kijinga lenye kuonekana la busara. Akaenda sokoni.

Muuza kuku, Bibi Mwanaasha, alimtazama anavyoinua vishingo mmoja mmoja, anawageuza, anawatazama usoni.

"Baba, unachagua kuku au mchumba?"

"Namtaka wa kufanana."

"Wa kufanana na nani? Na wewe?"

Akampata mmoja, shingo ileile nyekundu, jicho lilelile la ugomvi. Akamfunga vibanzi kwenye mguu mzima usio na kasoro, akamtia kwenye tenga, akalifunika kwa kaniki. Rehani aliporudi na kipara chake kinachong'aa, akaambiwa asimsumbue mwenzake, anapumzika, kesho ana shughuli.

Asubuhi uwanja wa boma ulijaa watu. Habari za mtihani wa kuku zilizagaa tangu sokoni mpaka Kihonda. Bwana daktari alikaa kitini barazani, buti zinang'aa, kikombe cha kahawa mkononi. Ngazini alisimama askari, kiboko kimebanwa kwapani kama mwamvuli. Benedikto alitokeza mlangoni mwa jiko na mwiko wake, uso umepauka. Stambuli alikuwa amesali, amekunywa maji, amekwenda haja, na bado alijiona hajafanya lolote kati ya hayo.

Akamfungua kuku kwanza.

Kuku alitoka kama risasi. Alivuka uwanja, akapita katikati ya miguu ya askari, akaruka ua wa maua, akapotea nyuma ya ghala. Watu wakapiga vigelegele. Bwana daktari akapiga paja.

"Anasema kuku amefaulu," Mikidadi akageuza. "Sasa mtu."

Stambuli akafungua vibanzi vya Rehani. Mguu ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mwenzake, lakini umenyooka kama mwanzi. Rehani akamshika bega, akasimama. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Kisha akasimama, akatoa donge la ugali alilolifunga kwenye pindo la nguo, akaanza kuita.

"Kuu, kuu, kuu. Mwenzangu, njoo tuongozane."

Kuku akachungulia kutoka nyuma ya ghala, akamtazama kama asiyemjua, akaendelea na mambo yake. Rehani akamtazama. Akatazama ugali. Akamgeukia Stambuli, na kwa Kiluguru, polepole, akasema:

"Mjomba. Huyu siye."

"Ni yeye. Ana furaha, ndiyo maana."

"Mwenzangu ugali hauachi hata akiwa anaota. Huyu siye. Yuko wapi mwenzangu?"

Na katikati ya uwanja, mbele ya bendera, bwana mkubwa na nusu ya mji, Rehani akakaa chini, mikono yote miwili imekumbatia muundi.

"Simama!" bwana daktari akasema. Hilo alilijua.

Rehani hakusimama. Askari akakihamisha kiboko kutoka kwapani kuja mkononi. Stambuli aliona kibanda chake kule Matombo, watu wamelala wanamngoja, na yeye anapita na jembe begani anajifanya hawaoni. Angeweza kudanganya tena. Uongo wa kwanza ulikuwa nyuma ya ghala unafukua mchanga, na haukumsaidia.

"Ameliwa," akasema kwa Kiluguru. "Jana."

Rehani akatoa sauti ambayo watu waliokuwa mbali walidhani ni ya filimbi ya gari la moshi. "Basi mguu wangu umeliwa!"

Mikidadi, aliyeelewa kila neno na mwenye firigisi tumboni, akaanza kutokwa jasho kwenye kanzu yake iliyonyooshwa. Bwana daktari akamwuliza jambo kwa ukali.

"Anauliza kuna nini," Mikidadi akanong'ona. "Namwambia nini?"

"Mwambie mgonjwa anapumzika."

"Kaliwa na nani?" Rehani analia.

"Na bwana daktari."

Rehani akafuta machozi ili aone vizuri. "Huu mguu wenyewe? Wa kulia? Au kala mbawa tu?"

Stambuli akatupa jicho jikoni. Benedikto, ambaye Kiluguru ndicho alichonyonya, akajipiga mwiko kwenye paja lake la kulia, kisha akaelekeza kidevu barazani.

"Huohuo," Stambuli akasema.

Rehani akamtazama bwana daktari kama mtu aliyerudi safari akakuta mwingine anaishi nyumbani kwake. Na hapo ndipo Stambuli alipojisikia anasema. Maneno hayo mjomba wake hakumfundisha, wala yeye mwenyewe hakujua kama ni ya kweli. Yalitoka tu, kama mkono unavyotoka mtu akiteleza.

"Nisikilize, mpwa wangu. Kuku akifa kwa kideri, umekwisha. Akichukuliwa na mwewe, umekwisha, maana mwewe safari zake ni za hewani. Huyu wako hakupotea. Mfupa ulikuwa umeshashika, nundu ngumu kama jiwe, na umeingia kwa mtu mwenye miguu. Mguu wako sasa yuko nao yule pale. Mwangalie. Anachechemea?"

Rehani akaangalia kwa makini.

"Amekaa, mjomba."

"Eh?"

"Amekaa kitini. Nitajuaje?"

Ukweli ulikuwa huo. Stambuli akamgeukia mkalimani. "Bwana Mikidadi. Mwambie bwana mkubwa anyanyuke, atembee kidogo."

"Umerukwa na akili? Mimi nimwamrishe Mjerumani atembee?"

"Basi mwambie yote tangu mwanzo. Na firigisi usiisahau."

Mikidadi akameza mate. Akakohoa. Akainama hadi kofia ikataka kuanguka, akasema Kijerumani kirefu, kitamu, chenye kuinua mikono mbinguni. Baadaye alikiri alichokisema: kwamba kwa desturi ya Waluguru mgonjwa hathubutu kutembea mbele ya mkubwa aliyekaa, mkubwa hutangulia na mgonjwa humfuata nyuma, na kwamba heshima hiyo hapewi ila sultani.

Bwana daktari akaweka kikombe chini. Akanyoosha koti. Akanyanyuka na kushuka ngazi, kifua mbele.

Buti la kulia likakanyaga mchanga. Likakanyaga vizuri. Rehani akasimama. Buti likanyanyuka, na mguu wa Rehani ukanyanyuka. Wakaenda hivyo, Mjerumani mbele anatazama bendera, Mluguru nyuma anatazama buti, na uwanja mzima kimya bila mtu kuamriwa kimya. Stambuli hakuwa anatazama mguu wa mgonjwa wake. Na yeye alikuwa anatazama buti.

Karibu na mlingoti, buti likagonga jiwe. Bwana daktari akayumba. Magoti ya Rehani yakaregea, mikono ikaruka hewani. "Aaah!" watu wakasema kwa pamoja, na sauti ya Benedikto ilikuwa juu ya zote. Daktari akatukana jiwe, akajiweka sawa, akaendelea. Rehani akajiweka sawa, akaendelea. Wakazunguka mlingoti. Wakarudi barazani.

Bwana daktari akainama, akauminya muundi, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa toka juu hadi chini. Akapita tena. Akanyanyuka, akaita karatasi.

Cheti kilikuwa kikubwa, na tai wake alikuwa na hasira. Mikidadi akamsomea Stambuli kwa sauti: anaruhusiwa kuunga mikono na miguu, fuvu asiguse. Kisha akapunguza sauti. "Na hapa mwisho imeandikwa, mgonjwa huyu wa mtihani akilemaa tena, cheti kinarudishwa."

"Hatalemaa," Stambuli akasema. Akakikunja cheti, akakitia kifuani, akajitwisha mzigo wake begani. Ukiutoka uwanja huu haraka, aliwaza, jioni unalala Kinole, kesho upo na wagonjwa wako.

"Subiri, bwana daktari ana neno," Mikidadi akamwita. "Amefurahi sana leo. Anasema heshima kama ile hajawahi kufanyiwa hata kwao. Anasema Jumapili atajipumzisha: atapanda Lupanga, mpaka kileleni, kukamata vipepeo."

Rehani, aliyekuwa anajitembeza mbele ya wasichana, akasimama ghafla kama aliyevutwa kamba.

"Lupanga?" akasema. "Kwenye yale mawe ya kuteleza? Na mguu wangu?"

Stambuli akautazama mlima. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, jeupe, lenye mvua ndani. Akamtazama bwana daktari anapanda ngazi kurudi kitini, anaruka ngazi moja moja kama kijana. Kila buti lilipotua, Rehani alifumba macho.

Stambuli akaushusha mzigo.

"Mwambie bwana mkubwa," akasema, "njia ya Lupanga naijua mimi. Asitangulie. Nitatangulia mimi, nimwonyeshe pa kukanyaga."